Mvua ku Kilio ya Uyoga

Kambove, tarehe 9 mwezi ya tatu 2024

Mama Abi, bibi ya Elisée Kasonde, yule muntu kila muchimbaji ya Kambove anajua jina yake,

Ulisema ku simu hautanisikiliza tena, juu ya vile mie ninacheka mbele haujamaliza neno. Ulisema: «Kama uko na kintu ya kuniambia, andika.» Kisha ukakata. Bon, ninaandika. Nimekaa juu ya ndoo ya kupindua, karatasi iko ku goti, na Paulin, mwenzangu ya kuchimba, anachungulia pa bega yangu, ananiuliza kama ninaandikia gavana. Nimemuambia ninaandikia muntu mukubwa kupita gavana. Unaona vile ninakuheshimu.

Usinicheke juu ya mwandiko. Unajua niliacha masomo ku mwaka ya pili ya sekondari, na haikuwa juu ya kukosa akili. Akili ilikuwa mingi, masomo njo ilikosa nafasi ya kuiweka. Wewe uko na diploma, utasahihisha na kalamu nyekundu kisha utanirudishia. Mukanda hii, barua yangu, inakuja na Chama, dereva ya kamyo ya mahindi. Anapita kule Katuba kwa mama yako kila juma. Umupe jibu, na maji ya kunywa.

Hapa bantu bangali banasema juu ya kilio ya papa yako. Paulin hakuwa kule, lakini kwa vile nimemusimulia mara mingi, sasa anasimulia bengine kama vile alikuwa. Na ni haki. Tangu nimezaliwa sijaona mutani kufanya kazi yake vile nilifanya. Papa Rigobert alikuwa ukoo ya Uyoga, mie niko ukoo ya Mvua, na tangu bankambo yetu Mvua njo mutani ya Uyoga: tusiponyesha, nyinyi mungetoka wapi? Siku Uyoga anakufa, Mvua anafika kuchekesha kilio. Asipofika, ni haya ku koo zote mbili. Basi mie nilifika.

Unakumbuka vile nilifunga njia ya sanduku? Nilivaa koti yake ya buluu, ile ya kazi ya reli, nikalala pa mulango na kusema: «Huyu muzee haendi popote, hajamaliza kunitukana.» Ba papa bakubwa balishika tumbo. Na mbele sanduku ifungwe, ile kikohozi yake, ile fupi mbili kisha moja ndefu kama injini inakataa kuwaka, nilipoitoa, banamuke ba kwaya baliangushana mu kucheka. Hata wewe, pale ulisimama pa kichwa ya sanduku, uligeuka mbio. Niliona macho yako. Nikasema mu roho: Kasonde, umeshinda, hata binti ya marehemu umemupata.

Papa mudogo Numbi alinishika mukono mbele ya bantu bote, akasema hajaona mukwe kama mie. Sijaosha ile mukono. (Nimeiosha. Ninakutania.)

Sasa sema, unarudi siku gani? Ulisema utabaki na mama kidogo. Kidogo yako imekuwa kubwa. Nyumba iko muzuri, nimefagia, na bukari, ugali yetu, ninapika mwenyewe. Jana ilitoka ngumu kidogo, Paulin alisema tuitumie kwa kuvunja jiwe. Rudi mbele nimuue huyu mutoto ya bantu.

Ni mie, bwana yako mwenye sifa,
Elisée


Katuba, 14/3/2024

Papa Abi,

Chama alileta mukanda yako. Nimemupa maji, na karanga.

Mama iko. Anakula nikimukalia mbele. Asubui anatandika kitanda pande zote mbili, hata ile pande ambayo hakuna muntu alilala. Abi ametoa jino ingine na anauma kila kintu, mpaka mukono ya mama, na ile njo kintu moja inamupa mama kucheka.

Unauliza ninarudi siku gani. Sijasema ninarudi.

Ungesoma mukanda yako pole pole mbele ya kuituma, ungeona mambo. Kuko koti mule, kuko ndoo, kuko Paulin na banamuke ba kwaya na mukono ya papa mudogo. Mie niko mahali moja tu: niligeuka. Haukuuliza niligeuka juu ya nini.

Mama anasema bibi hasemi mambo ya namna hii, anangoja bwana aone mwenyewe. Yeye aliishi vile na papa. Mie sijui kama nitaweza.

Laurentine


Kambove, tarehe 19 mwezi ya tatu

Laurentine,

Haukuandika «bwana yangu», haukuandika «yako», umeandika paka Laurentine tu, kama vile muntu anajaza jina ku lopitali. Nimeona. Mie si kipofu.

Nimewaza. Nimekaa mule mu shimo na nyundo, nimewaza mpaka Paulin aliuliza kama ninaumwa. Na nimepata. Uko na kasirani juu ya ile sufuria yako kubwa. Haya, ni kweli, nilibapa ba équipe ya shimo, balipikia mule mbuzi, na chini imeungua. Nilitaka kukuambia.

Kama si sufuria, basi ni ile siku ya mafundisho ya ndoa ku parokia, pale padri aliuliza bwana na bibi baseme nini wakati ya ugomvi, na mie nilijibu: «Bibi aseme pole, bwana aseme asante.» Lakini ile wewe pia ulicheka. Ao ni juu niliambia Mama Chantal, jirani yenu ya Katuba, unakoroma? Nilisema kidogo tu. Nilisema kama paka.

Kama kuko kintu ingine, ni Paulin njo alifanya.

Huyu Paulin ameoa mara mbili, anajiona profesa. Anasema mwanamuke akinyamaza, unamutumia kikwembe, na kikwembe inasema maneno yote bwana hajui. Basi unaona hii kitambaa Chama ameleta: ni rangi ya machungwa na ndege kubwa. Muuzaji alisema ku Likasi nzima hakuna ingine. Vaa ile Jumapili ku misa, bakuangalie.

Ninakumbuka siku ya kwanza nilikuja pa kwenu kukuomba. Mie na kaka yangu, viatu ya kuazima, mwezi ya kwanza, mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka hatukusikilizana. Papa yako alitoka pa baraza, akatuangalia, akauliza ukoo. Nikasema: «Mvua.» Akasema: «Kama uko Mvua, baki kule inje na ndugu yako.» Akafunga mulango. Tulilowana mpaka kaka alitaka kurudi. Mie nikapiga kelele: «Papa Uyoga, ninakubakia hapa mpaka utaota kichwani pangu!» Nikasikia anacheka mule ndani, na ile kikohozi kisha. Akafungua. Wewe ulikuwa nyuma yake na taulo. Ulinipa taulo bila kuniangalia.

Muzee yule. Tangu ile siku hakuniita jina. Aliniita paka Mvua. «Mvua, leta kiti. Mvua, weka batri mu radio.»

Sasa umeona, nimekumbuka mambo. Rudi basi.

Elisée yako (mie ninaandika «yako», angalia)


Katuba, 27/3/2024

Elisée,

Ninarudisha kikwembe. Si mubaya. Lakini niko mu nguo ya kilio mpaka siku ya kumaliza, na wewe unanitumia ndege ya machungwa. Ungesimama kidogo kuwaza mwili yangu imevaa nini sasa, haungeituma.

Juu ya sufuria sikujua. Juu ya Mama Chantal pia sikujua. Asante kwa habari.

Nilitaka ufike mwenyewe. Umetafuta mu sufuria, umetafuta mu usingizi yangu, na nimeona hautafika. Basi ninasema, na mama akijua atanikaripia.

Ile saa ya kufunga sanduku, kila muntu alikuwa na nafasi yake. Ba papa bakubwa pa viti, banamuke ku mikeka, kwaya pa mulango. Mie nilisimama pa kichwa ya papa, peke yangu, ili nimuangalie ya mwisho. Nikatafuta bwana yangu na macho. Nikasema, akifika hapa pembeni, hata asinishike, asimame tu, nitaweza. Sikukuona. Nikainama kwa papa. Nikasikia nyuma yangu kikohozi yake.

Niligeuka juu nilisadiki ni yeye.

Ilikuwa kidogo sana, kama kupepesa jicho. Lakini mule mu ile kidogo papa alikuwa mzima, alisimama pa mulango na koti yake ya buluu, na kila kintu ilikuwa makosa ya ba munganga. Kisha nikaona ni wewe. Umevaa koti. Unanicheka na meno yote. Bantu bote banapiga mikono.

Nilifiwa na papa mara mbili mu saa moja, na ya pili ilitoka kwako.

Ninajua desturi. Ninajua Mvua inapaswa kuchekesha. Sina ugomvi na desturi. Lakini wewe ulikuwa mutani ya papa, haukuwa mutani yangu. Ukoo inatoka kwa mama, unajua vile, na mama si Uyoga, mie pia si Uyoga. Kwangu mie wewe haukuwa Mvua. Ulikuwa bwana yangu, na ile siku nilikosa bwana.

Na kisha ya maziko, mu gari, nilikuambia: «Elisée, nimechoka.» Ukajibu: «Hata marehemu amechoka, lakini hasemi.» Bantu mu gari bakacheka tena. Ile njo sababu nilishuka hapa Katuba na mutoto, na sikupanda kwenda Kambove.

Laurentine


Katuba, tarehe 6 Aprili 2024

Kwa mukwe wetu Kasonde Elisée, ku Kambove,

Salamu nyingi katika jina ya Bwana. Sisi huku tuko bazima, isipokuwa umri.

Tunakujulisha kwamba siku ya kumaliza kilio ya ndugu yetu marehemu Rigobert Mumba itakuwa Jumamosi tarehe 20, hapa nyumbani. Misa kwanza, kisha kufagia uwanja, kisha chakula. Munkoyo ya kunywa itakuwako ya kutosha.

Vile unavyojua, Uyoga hauwezi kutoka katika kilio pasipo Mvua kuufungulia mulango. Tunakungojea basi na kinywa yako. Bantu ya avenue yetu bangali banauliza kama yule kijana mwenye kukohoa atarudia. Nimebajibu kwamba atarudia, na atazidi. Ukoo imekubaliana kwamba koti ya buluu ya marehemu itapewa mutani atakayefunga kilio. Hatuoni mwingine anayestahili ile koti isipokuwa wewe.

Usipokuja, itakuwa aibu kwetu na kwenu.

Ni mie papa mudogo yenu,
Numbi


Kambove, tarehe 10 mwezi ya ine

Laurentine,

Hii ni karatasi ya ine. Tatu za kwanza nimewashia moto ya chai, juu zilianza na mizaha. Mukono yangu inakimbilia kule yenyewe. Hata sasa ninaandika na niko na sentensi moja muzuri sana juu ya Paulin na punda, na ninaiacha. Haujui vile inaniuma kuiacha.

Mukanda yako niliisoma pa barabara, pale Chama alinipatia. Kisha nikaenda ku kazi, nikashuka mu shimo, nikapanda, nikashuka tena. Paulin aliuliza: «Bibi anasema nini?» Nikasema anasalimia.

Nilikuona uligeuka. Ile njo kintu siwezi kuondoa. Nilikuona macho, na nikafurahi.

Uliuliza bwana yako alikuwa wapi. Nitakuambia, na usionyeshe mama. Ile asubui balipotoa mwili ku lopitali, nilipita nyuma ya nyumba, pale papa alikuwa anakalia mangaribi na radio. Kiti yake ilikuwa pale. Mie njo nilikuwa ninaweka batri mu ile radio, unakumbuka, kila Jumamosi nikitoka Kambove. Tulikuwa hatuongei mambo ya maana, hata siku moja. Ananitukana, ninamutukana, anakohoa, tunasikiliza mupira. Mie papa yangu alituacha nikiwa mudogo kama Abi, sikujua muntu anaweza kukutukana na usikie muzuri mu roho.

Basi nilipoona ile kiti, magoti yangu ilianza kucheza. Nikasikia kilio inakuja, si ya mwanaume, ilikuwa ile ya mutoto, ya kupiga kelele. Na pale njo papa mudogo Numbi alifika na koti mukononi, akasema: «Mvua, bantu banakungojea.» Mama Abi, nilivaa ile koti vile muntu anaingia mu nyumba wakati ya mvua. Nilijificha mule. Nikasema, nikichekesha, hakuna muntu ataniangalia magoti.

Mwanaume ku kilio analetewa kiti na kinywaji. Hakuna muntu anamuletea kitambaa ya kupanguza macho. Kama angelia, bangesema: angalia ile mukwe, analia kupita binti. Mie nilikuwa na kazi ya kucheka, wewe ulikuwa na kazi ya kulia, na kila muntu alifanya yake kwa bidii, mbali na mwenzake. Sijui nani alitupangia.

Ile kikohozi, unajua nilijifunza wapi? Sikujifunza. Ilinijia. Hata huku Kambove, saa ingine nikiwa peke yangu ku muto ninaosha nyundo, ninaitoa pole pole, hakuna muntu wa kucheka. Inakuwa kama anaitika. Sikuwaza siku moja kama wewe pia ungemusikia mule. Niliwaza ni yangu peke yangu.

Sasa ninakuuliza, na niko ninaandika pole pole ili nisikimbie: wewe uko namna gani? Unalala? Ukimukumbuka, unamukumbuka akifanya nini?

Na kuko hii ingine. Papa mudogo Numbi ameniandikia. Anataka nirudie kikohozi tarehe 20, mbele ya bantu, na koti ni yangu nikifanya vile. Ninataka ile koti, Laurentine. Sikudanganyi. Niambie nifanye nini.

Elisée


Katuba, 15/4/2024

Elisée,

Sitakuambia ufanye nini. Nikikuambia, utafanya, kisha utasimulia ku Kambove vile bibi yako alikuamuru, na mie sitajua kamwe kama ulijua mwenyewe. Mambo ya koti ni yako na ya papa mudogo. Lakini ujue na mie mambo yangu: kisha ya kumaliza kilio nitaamua kama ninapanda gari ya Kambove ao ninabaki hapa na kutafuta kazi ku mujini. Mama Chantal ameniambia kuko duka moja inatafuta muntu ya kuandika.

Umeniuliza niko namna gani. Nimekaa na ile swali siku mbili. Silali muzuri. Ninalala mangaribi na Abi, ninaamuka, ninasikia mama anatembea mu nyumba, tunaogopa kukutana mu salon, mu sebule. Maziwa yangu imepungua. Mama Chantal anasema ni mawazo. Nywele zinatoka. Haya, umejua.

Papa ninamukumbuka anarudi kazini. Ile wakati tuliishi karibu na reli, mbele tuhamie hapa. Mama alikuwa anasikia namna anaweka sakoshi, mufuko yake ya kazi, chini. Akiiweka pole pole, mama anatuambia: «Njooni mumusalimie papa.» Akiitupa, mama anatuambia twende kucheza kwa majirani. Sisi batoto tulijifunza kusoma ile sakoshi kama masomo. Papa hakusema hata siku moja «leo bamenitukana kazini», ao «leo niko na furaha». Na mama hakumuuliza. Balipendana, ninajua. Akiumwa mama, papa alikuwa anazunguka nyumba mpaka njia ilitokea mu majani. Lakini kuingia na kumuuliza «unaumia wapi», hapana. Sasa amekufa, na mama anatandika pande zote mbili, na ananiambia: «Sijui kama alinisamehe ile maneno ya mwaka 2009.» Maneno gani, hajaniambia. Amemungoja aseme mpaka amekufa.

Nilipokupenda, ilikuwa juu wewe ulisema. Ulikuwa kelele tupu, Elisée, na mie nilitoka mu nyumba ya ukimya, nilisadiki kelele njo dawa. Tulipooana niliona: mizaha yako pia ni sakoshi. Ninaisikiliza inavyoanguka, ninatafuta mule uko na nini. Sitaki kufanya ile kazi mpaka niwe muzee.

Ile karatasi ya ine, niliisoma mara mingi. Juu ya kiti na magoti. Hakuna muntu alikuwa ananiambia kama kuko mwingine anamulilia papa namna ile. Niliwaza niko peke yangu.

Tutaonana tarehe 20.

Laurentine


Kambove, tarehe 23 mwezi ya ine

Mama Abi,

Nimefika muzuri. Paulin pia, na anatembea mu kambi nzima na koti ya papa yako, kifua mbele, kama mukubwa ya gare ya reli. Mikono inamufika ku vidole. Nikimuona asubui ninageuka sura. Itapita.

Wewe uliona yenye ilikuwa mu uwanja. Haukuona yenye ilikuwa inje, basi ninakusimulia. Juma mbele, nilimuuliza Paulin ukoo yake. Tumechimba pamoja tangu siku mingi, nimemutukana kila siku, na sikumuuliza ile kintu. Mama yake ni Mvua. Mvua kabisa, ya upande wa Kipushi. Nikamuambia: «Utakuja na mie Katuba, utafunga kilio ya Uyoga.» Akasema: «Na wewe?» Nikasema: «Mie niko mukwe.» Akaniangalia kama vile nimesema niko askofu.

Papa mudogo Numbi alipotuona pa mulango, alinivuta pembeni ku ukuta. «Huyu ni nani?» «Ni Mvua, papa.» «Tulikuita wewe.» «Papa, desturi inaita Mvua. Nimeleta. Mie ninaingia na bakwe.» Akasema bantu bataona haya, akasema nimeharibu, akasema huyu kijana yako hajui hata namna marehemu alitembea. Ile ni kweli. Paulin alichekesha vibaya sana, uliona mwenyewe. Kumuita papa Rigobert fundi ya saa, wakati bantu bote banajua alikuwa muntu ya reli. Mie pale nilishika meno. Nilikuwa na maneno, Laurentine, maneno yangeangusha ile uwanja yote. Niliyameza moja moja.

Bon. Sasa kintu ya kweli, yenye ninaandikia huu mukanda.

Pale bantu banafagia uwanja, ulikuja pale nilisimama. Nilikuona unakuja tangu mbali, na nguo nyeusi umeivua, na nilikuwa nimepanga maneno. Njia yote mu gari nilikuwa ninapanga. Nilikuwa nimeandaa kukuambia mambo juu ya papa yako, juu ya siku zenye zinakuja, maneno ya kusimama sawa, kama ya padri. Wewe uliniuliza paka kintu moja: «Unaumia?» Na mie, ile maneno yote ikapotea. Nilisema: «Ndiyo, sana.» Kisha nikakosa ya kuongeza. Nikaangalia viatu yangu, na macho ikaanza kutoka maji mbele ya bantu, na papa mudogo akaona, na ba shemeji bakaona. Wewe ulisimama pale pembeni, kisha mama akakuita na ukaenda.

Nimewaza njia yote ya kurudi. Ulikuja kunipa nafasi, na mie mwenye kinywa kubwa kupita bote ku Kambove nilikujibu maneno mbili. Mu mukanda zako zote ulisema unataka niseme, na ile saa ilipofika sikusema. Samahani. Niko ninajizoeza. Ukiniuliza tena, nitajibu muzuri, nitakupa maneno ya kutosha, hata Paulin atanisaidia kuipanga.

Kama umekubali ile kazi ya duka, uniambie wewe mwenyewe. Nisiisikie kwa Chama.

Elisée


Katuba, 27/4/2024

Elisée,

Usijizoeze. Na Paulin asikusaidie.

Tumeoana, ni mwaka ya tatu sasa. Nimekuuliza maswali mingi mu ile nyumba. Nikiuliza umechoka, unajibu nyundo njo imechoka. Nikiuliza unaogopa nini mule mu shimo, unaniambia shimo njo inakuogopa. Jumamosi nilikuuliza unaumia, na ukaniambia ndiyo, sana. Ilikuwa mara ya kwanza nakuuliza kintu na unanijibu ile yenye nilikuuliza.

Nilisimama pale pembeni juu sikutaka kuondoka. Mama hakuniita kazi. Alituona, akaniita ili bantu baache kukuangalia. Aliponifikisha mu jikoni aliniambia: «Marehemu hakulia hata siku moja mbele yangu.» Hakusema kama ni muzuri ao mubaya. Alikata kitunguu. Kisha akaanza kunisimulia juu ya mwaka 2009.

Ku duka nimeenda. Bananitaka. Nimebaambia bangoje jibu, juu hii ni neno ya kuongea bantu babili. Sijui tutafanya namna gani. Labda wewe njo utahamia huku. Labda nitakaa kule mpaka mwezi ya kumi na tuone. Nitakuambia ninataka nini na utaniambia unaogopa nini, na tutakasirikiana kidogo.

Jumapili ya juma ingine, kisha ya misa, ninapanda na Chama, mie na Abi. Njoo utungojee pa barabara, na ukiwa na huzuni ile siku, uje nayo.

Bibi yako,
Laurentine